Kebo iliyokataa kurefuka: kutu na msuguano katika daraja moja la zege karibu na Lubumbashi

Kisa hiki kilitokea kwenye daraja la barabara kusini mwa Katanga. Jina la mto, la mkandarasi, la ofisi ya usanifu na la kila aliyehusika nimeliondoa, na vipimo vichache nimevisogeza kidogo ili daraja lisitambulike. Nilikuwa upande wa usimamizi. Nakiandika kwa ajili ya wahandisi na mafundi wanaovuta kebo mbali na bandari, mahali ambapo kifaa kimoja kikikwama mpakani, kazi nzima husimama huku mvua ikiendelea kunyesha.

Usuli

Daraja lina nafasi tatu za mita 26, 34 na 26, jumla mita 86. Ni boksi la zege lililomwagwa palepale, juu ya kiunzi cha chuma kilichosimamishwa mtoni. Ndani ya kuta zake mbili mna kebo 8, nne kila ukuta, na kila kebo ni fungu la kamba 12 za chuma. Kila kamba ina nyaya saba, mmoja katikati na sita zikiuzunguka, kipenyo chake milimita 15.7 na nguvu ya kukatika ya chuma chake megapaskali 1860 (megapaskali moja ni newtoni moja kwa kila milimita mraba).

Kebo hupita ndani ya mrija wa bati lenye mikunjo uliozikwa kwenye zege. Katikati ya kila nafasi mrija hushuka karibu na sakafu ya boksi, na juu ya nguzo hupanda hadi karibu na lami. Zege likikomaa, kebo huvutwa kwa jeki, hufungwa na kabari kwenye nanga, yaani vishikio vya chuma vilivyo kwenye ncha zake, kisha mrija hujazwa uji wa saruji. Uji huo una kazi mbili: ualkali wake hukinga chuma dhidi ya kutu, na ukiganda huunganisha kebo na zege kuwa kitu kimoja. Msanifu alikuwa amebakiza pia mirija miwili mitupu, mmoja kila ukuta, kwa dharura. Kulikuwa na waliouona ubadhirifu.

Hesabu ya msuguano ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitaieleza bila haraka. Ukizungusha kamba kwenye shina la mti na kuivuta upande mmoja, upande wa pili hupokea nguvu pungufu, na kila mzunguko unavyoongezeka ndivyo nguvu inavyozidi kupotea. Kebo ndani ya mrija hufanya vilevile. Kinachohesabiwa ni jumla ya pembe zote ambazo kebo inapinda, ukiongeza kipimo kidogo kwa kila mita kwa sababu mrija haunyooki kamwe kama ulivyochorwa. Vyote hivyo huzidishwa kwa mgawo wa msuguano. Kwa kamba ndani ya mrija wa chuma, Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege, inapendekeza mgawo wa 0.19, na nyongeza ya radiani (kipimo cha pembe, moja ni karibu nyuzi 57) kati ya 0.005 na 0.01 kwa mita. Msanifu alichukua 0.19 na 0.007, na pembe za kebo nzima zilifika radiani 1.1.

Kwa tarakimu hizo, kebo ikivutwa kutoka ncha zote mbili kwa megapaskali 1440, katikati ya daraja hubaki asilimia 85 ya nguvu ya jeki, na kebo hurefuka milimita 586 ukijumlisha ncha zote mbili. Namba hiyo ya 586 ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya fundi wa jeki.

Yaliyotokea

Kamba ziliingizwa mirijani mwishoni mwa kiangazi, zege likiwa bado changa. Hoja ya mkandarasi ilikuwa kwamba koili zilizolala uwanjani zinapata vumbi na wizi, na kwamba ndani ya mrija ziko salama. Kuvuta kulipangwa baada ya wiki chache. Pampu na manometa za jeki, yaani saa za kusomea presha, zilikuwa zimepelekwa nje ya nchi kupimwa upya, na wakati wa kurudi lori likakwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa sababu ya karatasi za forodha. Mvua za Novemba zikaanza, pampu haijafika. Ilipofika, kamba zilikuwa zimekaa mirijani karibu miezi minne.

Muda wote huo, mabomba madogo ya kutolea hewa yaliyosimama juu ya nguzo yalikuwa wazi. Hakuna aliyeyafunika. Mvua ya Lubumbashi haibembelezi, na kila tone lililoingia pale juu lilishuka hadi bonde la mrija katikati ya nafasi na kutulia pale, kamba zikiwa ndani yake.

Kebo ya kwanza ilivutwa asubuhi, jeki mbili kwa pamoja, presha ikipandishwa hatua kwa hatua na nyongeza ya urefu ikiandikwa kila hatua. Fundi mkuu wa jeki alikuwa mtu mzima aliyejifunza kazi hiyo kwenye madaraja ya zamani. Alikuwa na karatasi ya miraba na penseli, akichora nukta kila hatua. Katika asilimia 70 ya presha mstari wake ulikuwa tayari umelala chini ya ule uliotarajiwa. Walipofika presha kamili, milimita zilikuwa 549. Zilipungua 37, zaidi ya asilimia 6, na kanuni za mradi ziliruhusu 5.

Msimamizi wa uwanja alitaka presha iongezwe mpaka 586 ipatikane. Yule fundi aliondoa mkono kwenye pampu.

"Shefu, tusimame kwanza. Kebo inakatala."

"Papa, mto unapanda. Tukisimama leo, kiunzi kitabebwa na maji."

"Na tukivuta bila kujua, ni daraja litabebwa."

Walisimama. Kebo ililegezwa kwa kiti maalumu cha kutolea kabari, na mikia ya kamba haikukatwa.

Kumtafuta mkosaji

Nyongeza ya urefu ikipungua, washukiwa ni wachache, na ni vizuri kuwaondoa mmoja mmoja kabla ya kushika jeki tena. Manometa zilikuwa zimetoka kupimwa, na tulizilinganisha pale uwanjani kwa kuzifunga kwenye pampu moja: zilisoma sawa. Ugumu na eneo la chuma vilitazamwa kwenye vyeti vya koili, navyo vilikuwa karibu sana na vilivyotumika kwenye hesabu. Mrija ungeweza kuwa umetobolewa na zege likaingia na kushika kamba. Lakini kila kamba, ikivutwa peke yake kwa jeki ndogo, ilitembea huku na huku kwa urefu mzima. Haikuwa imeshikwa popote. Ilikuwa inakwaruzwa kila mahali.

Ukabaki msuguano, na msuguano unaweza kupimwa. Jeki ya ncha moja ilivuta hadi asilimia 60, jeki ya ncha ya pili ikakaa kimya ikipokea, na manometa zote mbili zikasomwa. Kisha zamu ikageuzwa, iliyopokea ikavuta na iliyovuta ikapokea, kwa sababu jeki yenyewe ina msuguano wake wa ndani na kubadilishana huko ndiko kunakouondoa kwenye hesabu. Kwa kila kilonewtoni 100 zilizoingia, upande wa pili zilifika takriban 55. Hesabu ya msanifu ilitarajia 72. Ukirudi nyuma kutoka hapo, mgawo wa msuguano ulikuwa 0.35, karibu maradufu.

Kisha tukachomoa kamba moja kutoka kila kebo na kuitandaza juu ya mbao. Kwa sehemu kubwa ya urefu wake kamba ilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa, nyembamba. Tulisugua kwa sponji ngumu ya kuoshea sufuria, kutu ikatoka na chuma kikaonekana laini chini yake. Lakini kwenye kebo mbili, mita chache zilizolala katika bonde la nafasi ya kati zilikuwa za rangi nyeusi. Baada ya kusuguliwa zilibaki na vishimo ambavyo jicho liliviona bila lenzi na ukucha ulikwama ukipita juu yake. Vishimo vya namna hiyo ni sababu tosha ya kuikataa kamba, kwa sababu chuma kilichovutwa kwa nguvu kubwa hupasukia palepale penye kishimo.

Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza, la kuongeza presha, lilikataliwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ningependa kila mhandisi kijana aifanye walau mara moja kwa mkono wake. Nyongeza ya urefu hupima wastani wa nguvu kwenye kebo nzima. Haipimi nguvu ya katikati. Msuguano ulipopanda hadi 0.35, wastani ulishuka kwa asilimia 6, lakini nguvu ya katikati ilishuka kutoka 85 hadi 74 katika kila 100 za jeki, yaani karibu asilimia 13. Upungufu wa karatasini ulikuwa nusu ya ule wa kweli. Kama presha ingeongezwa mpaka milimita 586 zitimie, katikati pangefika 79 tu, na chuma kwenye nanga kingebeba karibu megapaskali 1537. Eurocode 2 inasimama kwenye asilimia 90 ya kikomo cha unyumbufu wa chuma hicho, yaani 1476. Tungepata karatasi nzuri, nanga zilizoelemewa na katikati dhaifu.

Pendekezo la pili lilikuwa kuchomoa kamba zote 96 na kuleta mpya. Kiufundi ndilo lililokuwa safi kuliko yote. Lakini uwanjani zilibaki koili mbili, na agizo jipya lingepita bandarini Dar es Salaam au Durban na kufika msimu wa mvua ukiwa umekwisha, kiunzi kikiwa kimesimama mtoni kwenye mafuriko. Kiunzi kikisombwa na zege la juu halijavutwa, boksi lote lingelala majini.

Uamuzi uliofuatwa ulikuwa wa kati. Kebo mbili zenye vishimo zilichomolewa zote na kuwekwa kamba mpya. Kebo sita zenye kutu ya juujuu zilibaki, zikapakwa mafuta ya aina inayochanganyika na maji. Mafuta hayo hupunguza msuguano na hukinga chuma kwa muda mfupi. Karakana moja ya mgodini ilikuwa tayari kutoa bure mafuta yake ya kupozea visu vya mashine za kukereza. Tuliomba kwanza karatasi ya viambato, tukakuta yana klorini. Yalirudishwa. Klorini ndani ya mrija wa kebo ni adui, hata ikiwa kidogo. Yalinunuliwa mengine yasiyo na klorini wala salfa. Yalimiminwa kupitia mabomba ya hewa, na kebo ikasogezwa huku na huku ili yaenee.

Mafuta yana deni lake. Yakibaki juu ya kamba, uji wa saruji haushiki vizuri, na nguvu ya mwisho ya daraja hutegemea mshiko huo. Kwa hiyo baada ya kuvuta, mirija iliogeshwa kwa maji yaliyotiwa chokaa, ambayo Katanga haikosekani kwa kuwa viwanda vya shaba huitumia kwa wingi. Maji ya mto hayakuguswa, kwani mkondo wa juu una shughuli za madini. Yaliyotumika yalipimwa klorini na salfeti kwanza. Kisha hewa kavu ilipulizwa, kompresa ikiwa na kichujio cha mafuta, mpaka kitambaa cheupe kilichoshikwa kwenye mdomo wa mrija kibaki cheupe na kikavu.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa msanifu. Alikubali kwamba mgawo wa msuguano hautarudi 0.19, akafanya hesabu upya kwa 0.25, akaona kebo sita zitapungukiwa kiasi cha asilimia 5 katikati. Kufidia upungufu huo kulihitaji takriban kamba 4 mpya. Aliweka 8, nne katika kila mrija mtupu, kwa sababu hakuwa tayari kuutegemea kikamilifu mshiko wa kamba zilizopakwa mafuta. Alihakiki kwanza kwamba zege halitabanwa kupita kiasi.

Uji wa saruji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kila mtu amechoka na kebo tayari zimevutwa. Uji ukiwa na maji mengi, saruji hutua na maji hupanda. Kamba zenyewe huyasaidia, kwani maji hupenya katika nafasi nyembamba kati ya waya wa katikati na zile sita na kupanda nayo kama mafuta ya taa katika utambi. Mwisho wake ni uvungu wa maji kwenye kilele cha mrija, juu kabisa ya nguzo, jirani na lami ambayo siku moja itavuja.

EN 447, kiwango cha Ulaya cha uji wa kebo, inataka maji yasizidi 0.44 ya uzito wa saruji na yatakayopanda yasizidi asilimia 0.3 baada ya saa tatu. Kipimo cha chupa ndogo kilipita. Tulisisitiza kipimo cha pili, kile cha bomba linaloonyesha ndani, urefu wa mita 5, likiinamishwa nyuzi 30 na kuwekwa kamba 12 ndani. Uji uleule uliofaulu kwenye chupa uliacha sehemu ya juu ya bomba ukanda wa povu la manjano na maji yaliyotulia juu yake, na mafundi waliusogelea wakauangalia kimya. Kilichoonekana pale ndicho kingetokea juu ya nguzo bila mtu kukiona. Mchanganyiko ulibadilishwa: maji yakapunguzwa, dawa ya kulainisha ikapimwa upya, kichanganyio cha mwendo wa kasi kikatumika badala ya kile cha kawaida. Jaribio la tatu lilitoka bila ukanda.

Uji uliingizwa asubuhi na mapema kupitia mabonde, ukatoka kwenye vilele. Kila bomba la hewa lilifungwa tu baada ya kinachotoka kufanana kwa uzito na kinachoingia.

Matokeo

Baada ya mafuta, kipimo cha ncha mbili kilionyesha 65 katika kila 100, sawa na mgawo wa 0.25 ambao msanifu aliukisia. Kebo sita zilirefuka pungufu ya hesabu ya awali kwa asilimia kati ya 1 na 4. Mbili mpya zilikaribia kabisa 586. Kiunzi kiliondolewa mto ukiwa umefika miguuni mwake, na wiki iliyofuata ulipita pale kiunzi kilipokuwa.

Kiangazi kilichofuata, vilele vyote vilitobolewa tundu dogo na kutazamwa kwa kamera ya waya. Vilikuwa vimejaa. Uvungu ulipatikana nyuma ya nanga moja, mahali ambapo kifuniko kilivuja wakati wa kupampu na kikafungwa kwa haraka. Kamba ndani yake zilikuwa bado safi, na uvungu ulijazwa kwa pampu ya kunyonya hewa.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni ile karatasi ya miraba. Kama fundi angesoma milimita mara moja tu, mwishoni, mabishano yangefanyika presha ikiwa kamili na kila mtu akitamani kumaliza. Nukta za hatua kwa hatua zilimpa sababu ya kusimama mapema, na uongozi ulimsikiliza mtu ambaye hakuwa na cheo cha kuwazuia. Jambo hilo la pili naliona kubwa kuliko la kwanza. Mirija mitupu nayo ilijilipa yenyewe. Bila hiyo, msanifu angebaki na njia moja tu, ya kupunguza uzito unaoruhusiwa barabarani.

Kilichoshindikana kilianza miezi minne kabla ya jeki kuwashwa. Viwango vya Ulaya vya utekelezaji wa zege vinataka kwa kawaida zisipite wiki 12 tangu kebo kuandaliwa hadi uji kuingia, na wiki 2 tu baada ya kuvutwa. Hapa wiki 12 zilipita kebo ikiwa bado inasubiri pampu, na hakuna mkutano uliouliza swali hilo, kwa kuwa ratiba ya forodha na ratiba ya kebo zilisomwa na watu tofauti. Kamba hazikupaswa kuingia mrijani kabla pampu haijavuka mpaka. Kama ililazimu, vizibo vya plastiki juu ya mabomba ya hewa na tundu la kutolea maji kwenye kila bonde vingetosha kuzuia vishimo. Gharama ya vizibo hivyo haifiki hata bei ya siku moja ya kreni.

Wapo wanaosema kutu ya wakati wa ujenzi hufunikwa na uji na habari yake inakwisha. Daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka Desemba 1985 kebo zake zikiwa zimeliwa ndani kwa ndani, bila nyufa za kuwaonya watu. Uingereza ilisimamisha madaraja mapya ya kebo zenye uji kuanzia 1992 hadi 1996. Huko Dresden, sehemu ya Carolabrücke ilianguka Septemba 2024, na uchunguzi ulirudi hadi kwenye unyevu ulioingia kwenye chuma wakati wa ujenzi, kabla ya daraja kufunguliwa 1971. Chuma cha kule kilikuwa cha aina nyepesi kupasuka kuliko hiki chetu, lakini muda uliopita kati ya unyevu na kuanguka ni zaidi ya miaka 50.

Kuhusu kuogesha mirija kwa maji, sina raha nako hata leo. Mwongozo mwingi wa sasa hauupendi, kwa sababu maji yanayobaki kwenye mikunjo ya bati huharibu uji kabla haujaganda. Tulikubali kwa kuwa mafuta yangebaki bila hivyo, na kwa kuwa hewa kavu ilipulizwa kwa muda mrefu kuliko mkandarasi alivyotaka. Aliye na muda na kamba mpya asiifuate njia hii. Achomoe zote.

Kebo sita zilizobaki zina kutu nyembamba chini ya uji mzuri, na kila mmoja aliyetia saini anajua hivyo. Ndiyo maana faili la daraja lina ramani ya kila bonde lililokaa na maji, na kwenye mabonde mawili yaliyokuwa mabaya zaidi yameachwa madirisha madogo yenye vifuniko vya chuma cha pua, yanayofunguliwa kila kiangazi kabla ya mvua ya kwanza.